Mtoto anataka kusoma siasa. Atasoma wapi?

Kila mwaka matokeo ya Egzeta yakitoka, hapa Kibua ni vigelegele, watoto wanajimwagia poda nyeupe kichwani, na mama zao wanacheza njiani. Siku tatu nyuma yake masumbuko yanaanza. Diplome iko, sasa twende wapi? Kwa anayetaka ualimu au uganga jibu si gumu sana. Lakini kuna wale, na wanazidi kuwa wengi, wanaokuja kwangu na kusema: "Papa Pasta, miye niko nataka kusoma sians politike." Baba anakunja uso. Mama anauliza kama hayo njo masomo ya kufundisha watu uongo.

Basi, tuseme kwanza masomo hayo ni nini, juu wengi wanayachanganya na kufanya siasa. Mtu anaweza kuwa depute bila kuyasoma hata siku moja, na wa namna hiyo tunawajua. Darasani mwanafunzi anajifunza namna nchi inavyotawaliwa: katiba, mawazo ya watawala wa zamani na wa sasa, sosiolojia, uchumi, hata takwimu. (Hiyo takwimu wengi hawaitazamii, na wanaanguka palepale.)

Chukua mfano wa kwetu sisi watu wa migodi. Kode ya madini, vile ilivyorekebishwa mwaka 2018, inagawa ushuru ambao kampuni inalipa juu ya madini inayouza: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa sekta au sheferi ya mahali mgodi uliko, na 10% kwa mfuko wa vizazi vitakavyokuja. Tena kampuni inapaswa kutoa angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa mahali. Teritware ya Walikale ina sekta mbili, Wanianga na Bakano, na kule Bisie kampuni ilianza kuchimba kwa mashine na kuuza toka mwaka 2019. Sasa niambie: nani kati yetu anaweza kuingia ofisi ya sekta, kuomba hesabu ya ile 15%, kuisoma mpaka mwisho, na kuuliza kwa adabu mahali haieleweki? Mimi nilisoma Shule ya Biblia, hiyo si kazi niliyofundishwa. Mtoto wako anaweza kufundishwa.

Ndiyo sababu ninamwuliza kila kijana, kabla hajataja jina la mji wowote: utakaporudi, unataka kuweza kufanya nini? Kwa sababu ndani ya fakilte ileile, inayoitwa ya sayansi za jamii, siasa na utawala, kuna milango mbalimbali. Wengi wanakimbilia mlango wa uhusiano wa kimataifa, wanaona ubalozi na ndege. Sikatazi. Lakini mabalozi ni wachache, na sekta, teritware na ofisi za jimbo ni nyingi. Anayetaka kazi kama ile ya 15%, mimi ningemsukuma upande wa siasa na utawala.

Hapa wazee wa kanisa wananishika shati. "Pasta, tuna chuo chetu pale Goma, mbona unatuma watoto kwa chuo cha Leta?" Chuo hicho, ULPGL, Waprotestanti walikianzisha mwaka 1985 na tunakishukuru. Lakini watu wanakijua kwa teolojia, sheria, uchumi na uganga. Sheria ni masomo mazuri, ila si yaleyale. Wa sheria anajifunza kilichoandikwa na namna ya kukitetea. Wa siasa anauliza kwa nini kilichoandikwa hakitendeki, na nani anafaidika. Usimtie mtoto katika fakilte asiyoitaka juu ya jina la kanisa lililo mlangoni. Omba kwanza karatasi yenye majina ya fakilte zote, usome mwenyewe.

Na tena, chuo cha Kisangani ambacho wazee wanakiita cha wapagani, nani alikianzisha? Ni Waprotestanti, mwaka 1963, kwa jina la Université Libre du Congo. Mwaka 1971 serikali ilikiunganisha na Lovanium ya Kinshasa na chuo cha Lubumbashi, vikawa chuo kimoja cha taifa, na masomo ya jamii na siasa yakapelekwa Lubumbashi. Mwaka 1981 vikaachana tena. Kwa hiyo Lubumbashi ina desturi ya zamani katika masomo haya, na nayaheshimu majina yake. Lakini Lubumbashi ni ndege, na kurudi likizo ni ndege tena. Kisangani nayo inayo fakilte hiyo, na mtoto wa kwetu akifika Walikale anashika barabara ya taifa namba 3 kupitia Lubutu. Ni mbali, mvua inanyesha, pikipiki zinazama, lakini watu wanafika.

Goma? UNIGOM ilikuwa tawi la Kisangani mpaka ikajitegemea mwaka 2004, na masomo haya yako pale. Kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa jibu jepesi kwa watu wa Masisi na Walikale. Ila mwishoni mwa Januari 2025 mji ulianguka mikononi mwa M23. Mzazi anayefikiri Goma aulize mambo mawili: njia ya kwenda na kurudi, na kama diplome itakubaliwa na Wizara Kinshasa. Aulize wazazi wenye watoto pale, asiulize wapita njia.

Hilo la diplome kukubaliwa silisemi bure. Kijana mmoja wa parokia jirani alisoma miaka mitatu katika shule ya juu moja mjini, nyumba ya kukodi, bango kubwa mlangoni. Baba yake aliuza mbuzi, akauza na shamba la michikichi. Kijana alipoomba kazi, akaambiwa shule yake haina kibali. Leo anabeba mizigo ya kasiterite pamoja na wale waliotoka shule ya msingi. Kibali kinaombwa kuonwa kabla ya kulipa, si nyuma.

Wengine wananiuliza juu ya ngambo. Makerere na Dar es Salaam zinafundisha siasa vizuri, lakini kwa Kiingereza. Hesabu mwaka mzima wa lugha, na ada ya mgeni. Profesa Georges Nzongola-Ntalaja, Mkongomani, alianza Marekani na falsafa, akapata udaktari wa siasa kule Wisconsin mwaka 1975. Alianza na masomo mengine, hakupotea.

Wazazi, jueni pia kwamba hesabu ya miaka imebadilika. Zamani ilikuwa graduat miaka 3, kisha licence miaka 2. Toka mwaka wa masomo 2021-2022 tuko katika LMD: licence ni miaka 3, na master ni 2 juu yake. Kwa hiyo pangeni makuta ya miaka 3 kwanza, na ya chumba na chakula yawe mbele ya minerval, kwa maana mwanafunzi mwenye njaa anaacha masomo hata akiwa amelipa yote.

Mwaka huu wawili kati ya walionifuata ni wasichana. Mmoja anataka Kisangani, na baba yake amekubali kwa sharti moja: alale katika nyumba ya Wakristo, asipange peke yake. Nimemwandikia mchungaji mmoja kule. Jibu halijafika. Kama wewe unayesoma una ndugu Kisangani mwenye chumba, tuma habari kwa gazeti hili, watanipatia.