Pa Kula Kampala na Kando ya Njia ya Jinja

Mji wa Kampala umejengwa juu ya vilima, na mgeni aulizapo mahali pa kula, aghalabu huelekezwa kupanda. Huko juu, Nakasero na Kololo, ndiko kwenye hoteli zenye vitambaa vyeupe mezani, ambako kuku mmoja huweza kumaliza pesa ya soko ya nyumba nzima kwa siku mbili. Hoteli hizo zina wateja wake na hazina haja ya kutangazwa hapa. Chakula ambacho Kampala yenyewe hula kiko mabondeni: karibu na uwanja wa zamani wa teksi, ndani ya soko la Owino, Wandegeya chini ya kilima cha Makerere, na Ggaba ukingoni mwa ziwa. Mtu mwenye mshahara wa askari, mke na watoto, hana sababu ya kuona haya kuteremka huko. Ila ateremke akiwa amefumbua macho.

Hivi karibuni sajini mmoja wa polisi aliyekuwa likizoni alimchukua mkewe na watoto wao watatu, wakazunguka mahali pa namna hiyo kwa muda wa siku nne, mfuko wake ukiwa si mnene. Waliyoyakuta yafaa yawafikie wengine wenye mshahara kama wake.

Asubuhi ya kwanza walikula katogo karibu na uwanja wa zamani wa teksi. Katogo ni matoke yaliyopikwa chungu kimoja na matumbo ya ng'ombe, au na maharage, au na karanga, na mpishi hodari huyasafisha matumbo hata mlaji asisikie harufu yoyote ila ya kitunguu. Chungu huinjikwa kabla ya mapambazuko kwa ajili ya madereva na wachukuzi. Anayefika saa tano ataambiwa kimekwisha, na hilo ni sifa kwa mpishi, kwa kuwa chakula kinachokwisha asubuhi hakilali kikangojea wateja wa kesho. Watoto walikunja nyuso mwanzoni, kisha mdogo akaomba kuongezwa.

Adhuhuri ndiyo saa ya matoke yenyewe. Ndizi humenywa zikiwa mbichi, hufungwa ndani ya majani ya mgomba, huwekwa sufuriani juu ya vikonyo vya majani hayo ili maji yasizifikie, zikapikwa kwa mvuke. Zikiiva hupondwa kwa mikono zingali ndani ya majani, kisha hurudishwa motoni zikolee. Luwombo nalo ni kuku, au nyama, au karanga na samaki mkavu, vilivyofungwa ndani ya jani changa la mgomba lililopashwa moto likalainika, vikapikwa kwa mvuke kwa saa kadhaa. Wapishi wa Buganda husimulia kwamba pishi hilo lilitoka jikoni kwa Kabaka Mwanga, mwishoni mwa karne ya 19. Liwe lilitoka huko au kwingine, jani likifunguliwa mbele ya mlaji na ule mvuke ukampanda usoni, mtu huelewa kwa nini hata nyumba ya kifalme haikuona haja ya sahani za kigeni.

Hapa ndipo macho yanapotakiwa. Majani ya mgomba huuzwa, na kila mwaka mji unavyopanuka migomba husogea mbali zaidi. Kwa hiyo baadhi ya wapishi wamezoea kufunika matoke kwa mifuko ya nailoni, ambayo wenyeji huiita kaveera, badala ya majani. Nailoni ikipata moto mkali hulainika na kuachia vitu visivyofaa kuingia tumboni mwa mtu, sembuse mtoto. Mke wa sajini alikuwa na desturi moja nzuri: kabla ya kuketi alipita kwanza jikoni, akasalimu, akatazama sufuria. Palipoonekana nailoni, aliaga kwa adabu na familia ikasonga mbele. Walipaacha hivyo mahali pawili. Hakuna mpishi safi aliyechukia kutazamwa.

Mgeni ajue pia jinsi bei inavyohesabiwa. Katika mikahawa ya kawaida ya Kampala, matoke, posho (yaani ugali), wali, viazi vitamu na kipande cha boga huwekwa pamoja katika sahani moja, na hivyo vyote huitwa "chakula". Bei huamuliwa na mchuzi. Maharage ndiyo rahisi, karanga hufuata, kisha nyama, na samaki na kuku huwa juu. Baba mwenye watoto wengi aweza kuagiza michuzi mbalimbali kwa meza moja, kila mtu akaonja cha mwenzake, na hesabu isimtoe jasho. Sajini alifanya hivyo.

Jambo lililompata ndani ya soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, linastahili kuelezwa kwa urefu. Humo akina mama hupika katikati ya vibanda vya nguo, na wasaidizi wao hubeba sahani juu ya sinia mpaka kwa wauzaji wasioweza kuacha bidhaa zao. Familia iliketi kwenye benchi la mama mmoja ambaye mchuzi wake wa karanga ulisifiwa na kila aliyeulizwa. Sajini alivaa nguo za kiraia. Lakini aliagiza kwa Kiswahili, na viatu vyake vilikuwa viking'aa kama vya gwaride.

"Afande," mama akasema kwa upole, "hapa unalipa kwanza."

Wateja wengine benchini walikuwa wakila bila kulipa kwanza. Mke wa sajini aliona haya, na mtoto mkubwa, aliye darasa la sita, akauliza kwa sauti kwa nini baba yake peke yake ndiye alipe mwanzo. Sajini alitoa noti, akalipa, wakala.

Wako watakaosema mama yule alikosa adabu. Hasha. Mwanamke mwenye umri wake alikuwa msichana katika miaka ya serikali ya Idi Amin, iliyodumu toka mwaka 1971 hadi 1979, na katika vita na misukosuko iliyofuata mpaka mwaka 1986. Katika miaka ile Kiswahili kilisikika sana vizuizini, kinywani mwa mwenye bunduki, na aliyekula hadi akashiba hakuulizwa pesa. Ndiyo maana waliopigana msituni toka mwaka 1981 waliandika katika kanuni zao za nidhamu kwamba mpiganaji asichukue kitu cha raia bila kukilipia, ijapokuwa ni ndizi mbivu au kipande cha muwa, na alipe papo hapo kwa fedha taslimu. Haingekuwa lazima kuitaja ndizi moja mbivu katika kanuni ya jeshi kama ndizi hizo hazikuwa zikiliwa bure.

Tangu hapo mambo mengi yamebadilika. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Lakini mama wa Owino hajifunzi historia kutoka gazeti la serikali. Ana daftari lake la madeni, na humo anajua ni nani aliyelipa na ni nani aliyeahidi mwisho wa mwezi akahamishwa kituo.

Siku ya tatu familia ilirudi kwenye benchi lilelile, kwa ajili ya ule mchuzi. Mama aliwatambua. Aliwapakulia watoto kwanza, akaongeza kipande cha boga ambacho hakikuagizwa, na habari ya pesa haikutajwa mpaka sahani zilipokuwa tupu. Sajini alilipa, akangojea chenji yake, akaipokea. Kwa maoni ya familia nzima, hapo ndipo mahali pa kwanza kwa ubora katika safari yao. Mwenye kwenda huko aende kabla ya saa saba, na asiende siku ya mvua kubwa, kwa kuwa soko liko katika bonde la Nakivubo na maji hujaa haraka.

Jioni ni Wandegeya. Kuku huzungushwa ndani ya majiko yenye vioo na taa, na wenyeji humwita "kuku wa televisheni", kwa sababu watu husimama mbele ya kioo wakimtazama kama wanaotazama mchezo. Huyu ni mtamu akiwa ametoka motoni, na si kitu akikaa. Kando yake huuzwa roleksi, ambayo si saa ya mkononi: ni chapati iliyoviringishwa pamoja na mayai yaliyokaangwa na kabeji, nyanya na vitunguu. Wanafunzi wa Makerere ndio walioipa sifa, hata mwaka 2016 ikafanyiwa tamasha mjini Kampala. Mtu mmoja hushiba kwa chini ya shilingi 5,000. Yafaa kumwomba mkaangaji avunje mayai mbele ya mteja na kuikaanga kabeji pamoja nayo badala ya kuitia mbichi.

Wenye nafasi ya kwenda Bombo, kaskazini ya Kampala, wasikose kuulizia vyakula vya Wanubi, hasa gurusa na kisra, mikate yao laini iliwayo na mchuzi. Wanubi ni wajukuu wa askari wa Kisudani wa Emin Pasha, ambao Lugard aliwachukua mwaka 1891, na jikoni kwao ni jiko la kambi za jeshi lenye umri mkubwa kupita kambi nyingi zilizopo. Sajini hakufika huko. Siku zilikuwa chache.

Siku moja waliitoa kwa ajili ya Jinja, mwendo wa kilomita 80 hivi, ili watoto wauone mto Nile na lile daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2018. Watoto walilisifu daraja, lakini waliporudi walizungumza zaidi habari za Namawojjolo. Baada ya kupita mji wa Mukono, basi hupunguza mwendo, na ghafla madirisha yote hujaa mikono: kuku kwenye vijiti, mishikaki ya ng'ombe na mbuzi ambayo wenyewe huiita muchomo, gonja zilizochomwa zikawa rangi ya dhahabu, maji, soda. Mbele zaidi, ndani ya msitu wa Mabira, kuna soko jingine la namna hiyo mahali paitwapo Najjembe. Ukweli ni kwamba gonja ndiyo isiyoangusha mtu kamwe. Kuku ni bahati. Aliyechomwa asubuhi na kupashwa moto mara tatu huwa mgumu na mkavu, na mnunuzi aliye juu ya basi hana muda wa kumchunguza. Ashike kijiti, na kama nyama haina joto la kutosha kumfanya abadilishe mkono, airudishe.

Tena anunue kwa pesa kamili. Basi huondoka wakati wowote, na katika kuondoka huko ama abiria hupoteza chenji, ama muuzaji hupoteza mali, ama kijana hukimbia kando ya magurudumu akinyoosha noti kuelekea dirishani. Dereva mwenye watu kwenye gari lake mwenyewe aegeshe nje ya barabara, azime, ashuke. Sajini, ambaye amefanya kazi ya barabarani miaka mingi, hakutaka kusema zaidi juu ya hilo mbele ya watoto.

Jioni ya mwisho waliteremka Ggaba kula samaki. Mitumbwi hufikia pale pale, soko liko hatua chache, na nyuma yake wapishi hukaanga sato mzima, humwita ngege, na kumwandalia kwa posho au viazi, kachumbari na ndimu. Katika kibanda cha kwanza waliletewa samaki wadogo wadogo, wawili katika sahani moja, na mafuta yalikuwa meusi. Sajini aliwarudisha. Sheria ya Uganda hairuhusu kuvua sato aliyepungua sentimita 28, wala sangara aliyepungua sentimita 50, ili samaki wapate kuzaa kabla ya kuliwa. Mlaji hahitaji rula. Sahani ya kawaida ina upana wa kama sentimita 25, kwa hiyo sato halali akilazwa mzima, sharti kichwa au mkia utokeze nje ya sahani. Mwaka 2017 jeshi lilipelekwa ziwani kuwazuia wanaovua samaki wachanga. Nyavu na mitumbwi ilichomwa, wavuvi wakalalamika kwamba walipigwa, na malalamiko hayo yakafika Bungeni. Itakuwa ajabu ikiwa samaki aliyemfanya mvuvi achapwe viboko ndiye huyo huyo anayeagizwa na watu wenye sare jioni, kwa sababu ni wa bei nafuu.

Kibanda cha pili, karibu zaidi na maji, kilikuwa na mama na binti yake. Sajini alieleza anachotaka kwa kupima kwa mikono yake hewani. Binti alicheka, akaenda sokoni mwenyewe, akarudi na sato wawili wakubwa, akawaonyesha wangali wabichi: macho maangavu, mashavu mekundu. Walitosha watu watano. Bei ilikubaliwa kabla ya kisu kupita, nayo ilizidi kidogo ile ya kibanda cha kwanza.

Samaki hupikwa kwa muda wa kama saa nzima, na barabara ya kutoka Ggaba hujaa magari jioni. Wenye watoto wadogo wafike saa tisa.