Kuiunda Upya Mashine Yetu ya Kuchonga Mbao

Wasomaji wetu wengi wameviona vibao vya mninga vilivyopigiliwa milangoni mwa makanisa na shule za kwetu, vyenye herufi zilizochimbwa ndani ya ubao. Baadhi yao wametuuliza kama herufi zile zimechongwa kwa patasi. La, zimechongwa kwa mashine ambayo mafundi wa mjini huiita siensii. Tuliiunda wenyewe katika karakana ya shule mwaka 2018, na mwaka 2023 tukaivunja na kuiunda upya kwa namna nyingine. Habari za kule kuivunja ndizo tunazotaka kuzieleza, maana nusura tuzikose mashine zote mbili, ya kale na mpya.

Yafaa kwanza tukieleze chombo chenyewe. Ni meza ambayo juu yake hupita daraja, na darajani imefungwa ruta, yaani mota iendayo mbio yenye kisu kidogo chini yake. Daraja huenda mbele na nyuma, ruta huenda kuume na kushoto, tena hupanda na kushuka. Hakuna mkono wa mtu unaoisukuma. Kompyuta hutoa amri, kibao kidogo cha umeme huzipokea, na mota huzitimiza. Mota hizi hazizunguki tu kama pangaboi, bali hupiga hatua, hatua 200 kwa kila mzunguko mmoja, na kila hatua twaigawa mara 16. Basi katika mzunguko mmoja mna vihatua 3200. Wazo hili si la jana. Mwaka 1952, huko Massachusetts katika Marekani, wataalamu wa chuo cha MIT walionyesha mashine ya kukata chuma iliyoongozwa na utepe wa karatasi wenye matundu. Asili yake ilikuwa wazo la John Parsons wa Michigan, aliyekuwa akitengeneza mapanga ya helikopta. Kazi ile iliyohitaji chuo kizima sasa hufanywa na kibao kitoshacho kiganjani, kwa programu iitwayo Grbl, aliyoianza Simen Svae Skogsrud wa Norwe mwaka 2009, nayo hutolewa bure.

Mashine ya kwanza tuliiunda pamoja na mzee seremala wa usharika wetu, yule yule aliyetufundisha kushika randa tulipokuwa vijana. Yeye hakupata kugusa kompyuta, wala hakutaka. Sisi tulileta hesabu, yeye akaleta mikono. Kwa kuwa fedha zilikuwa haba, daraja lilitembea juu ya reli za droo, na lilivutwa na fimbo za chuma zenye hesi, unene wake milimita 8, ziuzwazo katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Fimbo ya namna hii ikizunguka mara moja, nati husogea milimita moja na robo tu. Kwenda mita moja ni mizunguko 800! Tukijaribu kuiharakisha, fimbo ilijipinda na kucheza kama kamba ya kurukia ya watoto. Kibao kimoja kilitaka saa nne.

Mwendo wa pole tuliuvumilia, walakini lilikuwapo jambo la pili. Kati ya nati na fimbo pana nafasi, na kadiri chuma kinavyolika nafasi huongezeka. Mota ikigeuka ili kurudi nyuma, huzunguka kwanza bure kabla daraja halijasogea. Hata ilipofika mwaka 2022 ulegevu ule ulikuwa yapata nusu milimita. Katika herufi kama E au L mtu haoni kitu. Lakini herufi O hugeuka mahali panne, na kila mahali pale palitokea kijidaraja. Tulipochonga kibao cha kwaya iitwayo Upendo, mzee alipitisha ukucha wake ndani ya herufi ya mwisho akasema, "Mwalimu, hii O imeota mabega."

Tukaazimia kubadili. Fimbo zile zitoke, ziingie skrubu za gololi. Skrubu hizi ni nene, milimita 16, na nati yake imejaa gololi ndogo za chuma zinazobingirika mferejini, hata ulegevu haupati nafasi. Tena mzunguko mmoja husogeza milimita 5. Reli za droo nazo zitoke, ziingie reli za chuma kigumu. Vitu hivi vilitoka China, tukavipokea Dar es Salaam. Fedha zilikuwa akiba ya vibao, nayo ndiyo iliyokuwa ikinunua unga wa uji wa watoto wa saa nne. Kamati ya shule ilitukubalia kwa sharti kwamba kazi isipite mwezi mmoja, maana mashine ikilala, uji nao hulala.

Basi mashine ya kale ndiyo iliyokata viungo vya ile mpya, vipande 14 vya plaiwudi nene. Haikuwapo nyingine ya kuvikata. Tena ruta, mota na kibao cha umeme vilikuwa vya kuhamishwa, hivyo ya kale ikikwisha kuvunjwa hapana kurudi. Mzee aliutazama mrundo wa vipande akauliza, "Mmevipima?" Tukamjibu, "Mzee, kompyuta imekwisha kuvipima." Akanyamaza. Siku ya pili yake tukaivunja.

Tulipolisimamisha daraja jipya, mzee aliegemeza guni lake ubavuni, akatuita tuangalie. Mwanga ulipenya kati ya guni na ubao. Tukachukua rula ya chuma. Matundu ya kipande kile yalipangwa mraba wa milimita 300 kwa 400, nayo pembe hata pembe yapaswa kuwa 500, hesabu ya Pythagoras tunayoifundisha darasani kila mwaka. Upande huu tukapata 501, upande wa pili 499. Mashine ya kale ilikuwa imeinama tangu siku ya kuzaliwa kwake; nasi kwa miaka mitano hatukujua, kwa kuwa herufi iliyoinama kidogo haimsumbui msomaji. Tukavipima vyote 14, na vyote vilikuwa na kilema kile kile. Vibaya zaidi kilikuwa kishikio cha ruta. Tundu lake ni duara, yaani ni O kubwa, nalo lilikuwa na mabega yake manne. Ruta haikukaa.

Tuliketi juu ya benchi hatuna la kusema. Tulikuwa na vipande vibovu na hatuna mashine ya kukata vingine. Mzee hakutukemea, ingawa alikuwa na haki. Alianza kuziba matundu kwa vigingi vya mninga na gundi, akanyosha kingo kwa randa, nasi tukatoboa upya kwa kufuata guni. Kishikio cha ruta alikichonga chote kwa mkono, kwa bikari, patasi na msasa, siku mbili nzima. Ruta iliingia kama kizibo chupani.

Mwezi ukapita. Uji ulikatika siku sita, na katika siku zile hatukupenda kupita penye uwanja saa nne.

Siku ya kuiwasha tulikosa tena. Ndani ya kile kibao cha umeme zimeandikwa tarakimu za kuiambia mota ni vihatua vingapi vifanyavyo milimita moja. Kwa fimbo za kale ilikuwa 2560, yaani 3200 kugawanya kwa moja na robo. Kwa skrubu mpya ni 640. Tarakimu ya kale hatukuifuta. Tukaiamuru isogee milimita 100, nayo ikaanza kwenda 400! Daraja likabamiza kizuizi cha mwisho likakipasua, mota zikanguruma mahali pamoja hata tulipong'oa waya. Tunamshukuru Mungu kwamba wanafunzi tulikuwa tumewasimamisha mlangoni.

Tarakimu iliposahihishwa, tulichonga upya kibao cha Upendo, bila malipo. Saa moja haikutimia. Mzee akapitisha ukucha ndani ya O, akauzungusha mara mbili, kisha akaomba ufagio, kwa maana sakafu ilikuwa imejaa vumbi.

Baadaye tulikata kishikio kingine cha ruta kwa mashine mpya yenyewe, na duara lake halina ila. Kimetundikwa ukutani karakana. Kile cha mzee ndicho kilichofungwa mashineni hata leo.