Usiku Mbili Bomani Mikindani

Boma la Mikindani limekaa juu ya kilima, jeupe, likitazama ghuba. Wajerumani walilijenga mwaka 1895 liwe ngome na ofisi ya utawala wao upande huo wa kusini. Baada yao likatumiwa na Waingereza. Lilipochakaa, shirika la hisani la Uingereza liitwalo Trade Aid lililikarabati na kuligeuza hoteli ndogo, ambako vijana wa hapo hujifunza kazi ya kuhudumia wageni. Si jambo geni duniani. Huko Ureno ngome ya Óbidos imekuwa hoteli ya namna hiyo, na nyumba za watawa wa zamani vilevile. Lakini sisi, mchungaji na mke wake kutoka Makere, wilayani Kasulu, hatukuwahi kuwaza kulala mahali kama hapo.

Usharika ndio ulioamua. Tulikuwa na safari ya semina Mtwara, na mwaka huo ndoa yetu ilitimiza miaka 20. Wazee wa usharika wakachangisha kimyakimya: maharage, mahindi, mikungu ya ndizi, na fedha kidogo za kwaya. Kijana wetu mmoja anayefanya kazi Mtwara akalipia usiku mbili. Tulikabidhiwa stakabadhi Jumapili, mbele ya watu wote, wanawake wakipiga vigelegele. Nafasi ya kukataa haikuwapo.

Kutoka Makere hadi Mikindani ni kuivuka nchi nzima. Basi hadi Kigoma, kisha treni ya reli ya kati, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, halafu basi tena kutoka Dar es Salaam kwenda kusini. Ndani ya treni tuliongea habari za manamba. Zamani Buha ilikuwa kisima cha vibarua wa mashamba ya mkonge ya pwani, na kwetu si vigumu kumpata mtu ambaye babu yake alikwenda Tanga kukata mkonge, akalala kambini na kula posho. Sasa wajukuu wao tulikuwa tunakwenda pwani kutandikiwa kitanda.

Tulipofika, tulimuuliza kijana wa mapokezi habari ya gharama za chakula cha jioni. Akatazama daftari lake, akaiona kola ya kichungaji, akatabasamu: "Imeshalipwa, Baba Mchungaji. Yote."

Usiku wa kwanza hatukulala. Chumba kilikuwa kizuri, kuta nene, chandarua cheupe, upepo wa bahari ukiingia dirishani. Tulilala chali tukihesabu. Debe la maharage Makere ni kiasi gani wakati wa mavuno? Usiku mmoja hapa ni madebe mangapi? Tulipofika debe la kumi na moja tukaacha.

Tumesoma theolojia Makumira, na kwa miaka mingi tumewafundisha watoto wa kipaimara kwamba mtu huhesabiwa haki bure, kwa neema, kwa njia ya imani. Ibara ya nne ya Ungamo la Augsburg tunaweza kuieleza hata tukiwa usingizini. Lakini kitanda kilicholipiwa na wajane wa Makere kilitushinda. Pengine neema ya Mungu tunaipokea kwa wepesi kwa sababu hatujamwona Mungu akipalilia maharage juani.

Asubuhi tulizunguka. Mahali hapa, enzi zile, mtu hakupanda kilima kuja kupokea kitu. Kodi ya nyumba ilipoanzishwa mwaka 1898, bomani ndiko serikali ilikodai chake, na asiyekuwa na fedha aliweza kulipishwa kwa kazi ya mikono. Chini, mjini, wanakuonyesha jengo la soko la watumwa. Na katika ghuba hiyohiyo Livingstone aliteremka Machi 1866, akianza safari iliyomfikisha kwetu Ujiji. Watu hupenda kusimulia jinsi Stanley alivyomkuta huko mwaka 1871. Sisi hupenda zaidi habari ya siku chache kabla ya hapo: alifika Ujiji mgonjwa, akakuta mali yake aliyotumiwa imekwisha kuuzwa. Mzungu mwenye jina kubwa akawa mtu wa kusaidiwa.

Hali hiyo tunaifahamu kwa karibu. Kambi ya Nyarugusu iko jirani yetu tangu 1996. Mzee mmoja kutoka Kivu, tuliyekuwa tukimtembelea kambini, alituambia kwamba kupokea kunachosha kuliko kulima, kwa sababu shamba halikutazami usoni. Tulimwitikia kwa kichwa, tukaomba naye, tukaondoka. Neno lake lilitufikia barabara pale Mikindani, tumekaa kwenye ngazi za mkoloni tukinywa chai ambayo si sisi tuliyoilipia.

Usiku wa pili tulilala. Hatusemi tulikuwa tumetatua jambo lolote. Tulichoka kuhesabu, na Mama Mchungaji akasema kwamba kukesha hakutarudisha hata punje moja ghalani kwa mtu.

Tuliporudi Makere, bibi mmoja mjane alikuja nyumbani jioni ileile. Hatukujua hadi siku hiyo kwamba naye alitoa. Tulianza kumweleza habari za Wajerumani, akatukatiza. Alitaka habari za kitanda. Kina upana gani? Godoro je? Shuka zilibadilishwa siku ya pili? Akauliza kama chandarua kilikuwa kizima. Tukasema kizima, hakina hata tundu moja.

"Vizuri, wanangu," akasema, "maana mimi nililipia kizima."

Akavuta kigoda karibu na moto, akataka tumsimulie chakula, na hasa tumwambie kweli kama samaki wa baharini anamfikia mgebuka.