Mzee wa Boti Hakutuzingua, Tulijizingua Wenyewe

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Leo umbea ni wangu mwenyewe.

Wale wa siku nyingi mtakumbuka ile stori niliyoiweka hapa mwaka jana, ya staa mmoja wa kike (jina kapuni) aliyenusurika kuliwa na mamba Pangani baada ya "mwenye boti mzembe" kuwakwamisha usiku kwenye mikoko. Ilisomwa mpaka simu yangu ikawa inapata moto. Komenti zilipita 400, na karibu zote zilikuwa za kumtukana yule mzee.

Sasa kaeni niwaambie. Mimi nilikuwemo kwenye ile boti. Na kosa mlilomtukania mzee lilikuwa letu.

Ilikuwa hivi. Staa alikuwa anakaribia kuachia ngoma mpya, anataka picha ambazo hakuna mwenzake anazo. Alishaona mahali picha ya boti inapita kwenye kijito chembamba, mikoko imekutana juu kama paa. Akasema lazima na yeye apate ya kwake, tena jua likizama na mwezi mpevu ukichomoza siku hiyohiyo. Tukaondoka Dar watu watano: yeye, meneja, mpiga picha, dada wa mekapu, na mimi niliyebebwa ili niandike. Jamani, mimi mtoto wa Mbagala, nimeishia kidato cha nne, kualikwa safari na staa nilikuwa naona kama nimeshinda bahati nasibu. Kwa hiyo kila alichosema mimi nilikuwa wa kuitikia tu.

Jioni kabla ya siku yenyewe meneja alimpigia simu mzee wa boti, akaweka spika. Nilisikia kwa masikio yangu mzee akisema: "Njooni saa nane mchana. Kesho bamvua, maji yanajaa kama saa kumi. Tuingie nayo, tutoke kabla hayajakimbia." Meneja akajibu sawa mzee, akakata. Hakuna kati yetu aliyeuliza bamvua ni nini.

Kesho yake saa nane dada wa mekapu ndio kwanza anafungua mkoba. Saa tisa nguo ya kwanza imekataliwa. Saa kumi staa anagombana na mtu kwenye simu. Tunafika kwenye boti inakaribia saa kumi na moja. Mzee amekaa kwenye kivuli, shati limepigwa pasi, kopo la maji pembeni. Mimi peke yangu ndiye niliyemwamkia. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Mmechelewa."

Hakufoka. Alisema tu kwamba horini hatuingii tena, maji yameshaanza kukupwa, ila atatupandisha na mto mkubwa mpaka kule kwenye minazi, jua tutaliona vizuri tu. (Hori ndio hivyo vijito vya maji chumvi vinavyoingia ndani ya mikoko, kwa msiojua. Na mimi nilikuwa sijui.) Staa akamwambia, "We mzee, mimi nimetoka Dar kwa ajili ya hiyo hori." Meneja akachomoa elfu 50 juu ya ile elfu 80 tuliyokubaliana. Mzee akaangalia maji, akaangalia hela, akaangalia maji tena. Na hapo ndipo mimi, huyu huyu mnayemsoma, nikatia neno: "Mzee wangu, dakika kumi tu, tunapiga picha tunatoka."

Akawasha mashine.

Niwaambie ukweli, kuzuri. Mto Pangani unabeba maji ya Kilimanjaro na Meru, unapita bwawa la Nyumba ya Mungu, unatembea karibu kilomita 500 mpaka pale mjini unapoingia baharini. Upande mmoja unaona majumba ya zamani ya Pangani, upande wa pili Bweni. Halafu ghafla mji unaisha, inabaki mikoko tu, kijani kibichi inayong'aa, na yangeyange weupe wamekaa juu kama mtu kaanika leso.

Mzee alikuwa anaongea polepole huku anaendesha. Alituonyesha mbegu za mkoko zinazoota zikiwa bado juu kwa mama yao, zinaning'inia ndefu kama rula, zikidondoka zinachoma tope na kusimama. Akatuonyesha mti unaitwa mchu, ambao mizizi yake inachomoza juu ya tope kama penseli elfu moja. Akasema zile ndio pua zake, maana tope halina hewa. Akachuma jani, akanipa nililambe. Chumvi tupu! Mti unakunywa maji ya bahari halafu chumvi unaitolea kwenye majani. Akasema boriti za nyumba nyingi za zamani za mwambao zilitoka kwenye misitu hii, ila siku hizi kukata bila kibali ni kosa, na vizuri iwe hivyo, kwa sababu kamba na samaki wengi wanakulia humu kabla hawajaenda baharini.

Mimi tu ndiye niliyekuwa nasikiliza. Wengine walikuwa wanabishana upande upi una mwanga mzuri.

Tukaingia horini. Dakika kumi zikawa ishirini, zikawa arobaini. Mzee alisema "tutoke" mara tatu, nilihesabu. Mara ya tatu staa alimwambia asimharibie mzuka. Picha zilitoka kali kweli, ile kava ya ngoma mliyoisifia ndio yenyewe. Halafu mzee akageuza boti, tukaenda kidogo tu, tukasikia kitu kama mtu anaburuta gunia. Boti ikasimama.

Mzee akashuka. Tope likamfika mapajani. Akasukuma, akatumia upondo, ile fimbo ndefu ya kusukumia chombo, wapi. Akatuambia kwa sauti ileile ya upole: "Basi. Hapa mpaka maji yarudi." Meneja akauliza yanarudi saa ngapi. "Yanaisha kukupwa saa nne usiku. Ya kututoa hapa ni saa saba, saa nane." Meneja akacheka, akadhani ni utani.

Wadau, haukuwa utani. Ndani ya muda mfupi lile hori lote likageuka tope jeusi linalonuka, tumekaa katikati na boti imelala ubavu. Kupiga simu tulipiga, lakini boti gani itaingia pasipo na maji? Kushuka kutembea ndio kabisa, mizizi na tope gizani utavunjika mguu. Simu zikaanza kuzima moja moja maana tulimaliza chaji kwa kurekodi. Mbu na usubi wakatushukia kama tumewaalika. Staa akaanza kulia, mekapu yote ikashuka. Na ule mwezi mpevu tuliouhangaikia ukachomoza, mkubwa, mzuri, na hakuna aliyeupiga picha.

Mzee alichomeka upondo kwenye tope, akafunga uzi wa nailoni mahali maji yalipokuwa yanafika tulipokwama. Akaniambia, "Mwanangu, wewe mwenye maswali, utaniangalizia huo uzi. Maji yakiufikia tunatoka." Akafunua turubai, akawafunika akina dada. Akatoa mihogo ya kuchemsha kwenye mfuko wake, chakula chake cha jioni, akatugawia wote. Yeye hakula.

Usiku ule ndio nikaelewa bamvua. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji yanajaa sana na yanakauka sana, huku Tanga yanaweza kupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Siku za katikati ndio maji mafu, hayaendi mbali. Na kila siku maji yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Kwa hiyo ule mwezi alioutaka staa ndio huohuo uliotunyang'anya maji. Mzee alijua. Alitwambia saa nane akiwa na sababu.

Saa saba na nusu hivi maji yakagusa uzi. Tukatoka.

Asubuhi, hotelini, staa akaniita chumbani kwake. Meneja alikuwa ameshapata wazo: hii ni kiki ya bure. Akaniambia niandike kwamba mwenye boti hakujua kazi, kwamba aliwatelekeza, na niweke mamba. Mamba wapo Mto Pangani, hilo si uongo, lakini usiku ule hatukumuona hata mmoja. Tuliona kaa. Nikaandika mamba. Nikaweka na picha ya boti, rangi zake zote zinaonekana. Jina la mzee sikuliweka, nikajiona nina utu. Jamani, mji ule boti za kutembeza wageni zinahesabika, nani asingeijua?

Elfu 50 aliyoongezewa mzee meneja aliirudisha mfukoni kwake. Hilo nalo sikuliandika.

Baada ya wiki mbili hivi akaniandikia kijana mmoja, akasema ni mtoto wa yule mzee. Hakutukana. Alisema sehemu iliyokuwa inampelekea baba yake wageni imeacha, wanaopiga simu wanauliza kama yeye ndiye yule wa mitandaoni, na boti imefungwa wiki nzima. Akamaliza: "Dada, wewe ulikuwepo." Basi, maneno hayo tu. Sikumjibu. Nikapanga kumjibu kesho, ikapita miezi mitatu. Kila nikifungua simu namuona yupo palepale, hajanifuta, hajaniongezea neno.

Mwisho nikachanga nauli, nikapanda basi la Tanga, nikashuka, nikaunga mpaka Pangani. Sikumwambia mtu. Nilimkuta mzee anakwangua chini ya boti. Nikamwamkia, sauti haitoki. Akaniangalia muda, akasema, "Marahaba. Umekula?"

Nililia, sitawadanganya. Nikamwambia yote, mpaka ile ya mamba. Yule kijana wake alisimama pembeni, salamu yangu hakuipokea, na sikumlaumu. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema na yeye ana kosa lake, hela alishaiona na maji aliyaona, angekataa. Halafu akasema kitu ambacho mpaka leo kinanikosesha usingizi: "Mimi nimekusamehe mwanangu. Lakini waliosoma ni wengi, mimi siwajui. Wewe unawajua?"

Siwajui. Ila najua mnasoma hapa. Ndio maana naandika.

Kesho yake saa nane kamili mchana nilikuwa nimeshakaa kwenye boti. Mwezi ulikuwa unaandama, bamvua tena, maji ya saa kumi. Tukaingia horini na maji yakipanda, yametulia kama chai kwenye kikombe, kaa wekundu wanakimbilia juu ya mizizi. Nikapaona pale tulipokwama, hapafanani kabisa, nilikuwa nalenga kwa ule mchu tu. Saa kumi ilipofika mzee akageuza boti bila kuniuliza, na mimi sikuomba dakika kumi.

Nililipa kama mgeni yeyote. Alitaka kupunguza, nikakataa.

Ile stori ya zamani nimeifuta, ingawa najua picha za skrini bado zinatembea. Staa amenifungia kila mahali, na ndiyo sababu siku hizi habari zake mnazikosa hapa kwangu. Sawa tu.

Ukienda kutembea kwenye mikoko, Pangani au popote pale mwambao, muulize mwenye boti maji yanajaa saa ngapi, halafu fika saa aliyokwambia. Vaa mikono mirefu kwa ajili ya mbu. Mpe mzee wa watu hela yake yote. Akisema tutoke, inuka.

Na wale mliomtukana mwaka jana, najua mpo. Uwanja wa komenti ni uleule. Mzee hana simu ya kupekua mitandao, ila mtoto wake anasoma.