Mara ya Saba



Wapendwa taifa la Mungu, sisi wa Kitui tumejaliwa misimu miwili ya mvua: masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Masika hutuhadaa mara nyingi. Tegemeo letu ni vuli.

Tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ilitupita bila mvua ya kutosha. Mito ikabaki mchanga mtupu. Akina mama walifukua visima mchangani, wakangoja saa nyingi mtungi mmoja ujae. Mbuzi waliokonda wakauzwa kwa bei ya kutupa. Na katikati ya ukame huo huo, Desemba 2021, Mto Enziu ulifurika ghafla ukawachukua wanakwaya waliokuwa wakienda arusini. Tuliowalilia mvua tukawalilia wafu.

Tuungame ukweli. Kufikia msimu wa tano, wengi wetu tulikuwa tumekwisha kula mbegu. Hata sisi tulioongoza sala za kuomba mvua, midomo ilisali ilhali moyo ulikuwa umekata tamaa.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 18, Eliya alimtuma mtumishi wake atazame upande wa bahari. Mara ya saba ndipo lilipoonekana wingu dogo. Msimu wetu wa saba ulikuwa vuli ya 2023, na mvua za El Niño zikashuka kwa kishindo. Lakini zilitukuta matuta ya mashamba yamebomoka. Maji tuliyoyaomba yakabeba udongo wetu yakaenda zake.

Tusisahau kwamba kabla ya wingu lile, Eliya aliijenga upya madhabahu iliyobomoka, jiwe kwa jiwe. Sala yake ilikuwa na kazi ya mikono ndani yake. Nasi mawe tunayo. Ukuta wa bwawa la mchanga hukingama mto wa msimu. Mafuriko huleta mchanga, na maji hujihifadhi kati ya chembe zake, mbali na jua kali.

Basi, kabla ya Oktoba, kila jumuiya ndogo ndogo itengeneze matuta ya mjane mmoja, na kila nyumba itenge mbegu za ndengu na mtama zisizoguswa. Kisha tupige magoti. Mvua ni ya Mungu. Mfereji ni wetu.