Neno Nililolikosea Miaka Kumi na Tisa

Nilipozinduka baada ya upasuaji nilijaribu kumwita muuguzi, na kilichotoka kinywani kilikuwa pumzi tu. Nikadhani koo limekauka. Nikanywa maji, nikajaribu tena. Pumzi.

Rovu lilikuwa limenisumbua miaka mitatu, hadi kumeza wali kukawa kazi. Daktari alinionya kabla kwamba nyuma ya tezi ile ya shingoni hupita mshipa wa fahamu unaoendesha nyuzi za sauti, na ukiguswa huweza kulala. Nilisikia onyo, nikatia sahihi. Wiki kadhaa baadaye mtaalamu mwingine aliingiza kamera nyembamba puani akanionesha kwenye kioo: uzi wa kulia unakwenda na kurudi, wa kushoto umetulia kama mtu aliyesinzia. Akanieleza kuwa mshipa wa upande wa kushoto una safari ndefu. Hushuka hadi kifuani, hupita chini ya mshipa mkuu wa damu, kisha hupanda tena shingoni. Nilimsikiliza huku nikiwaza jambo moja: mimi ni mwimbaji wa taarab, na sina kazi nyingine.

Miaka kumi na tisa niliimba na klabu yetu hapa Unguja, taarab asilia, ya fidla na udi na kanuni. Harusi zikaacha kunialika, wala siwalaumu waliokuwa na harusi. Nikakaa ukumbini nikisuka ukili kama alivyosuka mama yangu, na watu walipobisha hodi, badala ya kuitika karibu, niligonga mlango mara mbili kwa ndani. Majirani wakaizoea ishara hiyo.

Ndivyo nilivyomkaribisha Maalim siku alipokuja.

Maalim ndiye aliyetunga mashairi ya nyimbo zangu karibu zote. Alikuwa karani mstaafu, mtu wa maneno machache. Katika taarab yetu mmoja hutunga shairi, mwingine hulitia sauti, na wa tatu huliimba, na huyo wa tatu ndiye anayeondoka na sifa. Siti binti Saad aliporekodi sahani za santuri kule Bombay mwaka 1928, jina lake lilivuka bahari na linatajwa hadi leo. Watunzi waliowaandikia waimbaji waliokuja nyuma yake, wangapi tunawataja? Na pengine wenyewe walipenda kukaa kivulini, maana nyimbo nyingi zilizaliwa na siri ya mtu: aliyependa, aliyeachwa, aliyetaka kumfumbia mwenzake. Mtunzi aliibeba siri hiyo mpaka kaburini.

Maalim hakuniuliza habari za sauti. Aliketi, akatoa daftari kubwa la kaunta, akasema, "Mwanangu, macho yangu yameingia ukungu, yote mawili. Nataka mtu aniandikie, na wewe hati yako naijua."

Tukaanza. Kila Jumatatu na Alhamisi baada ya alasiri alikuja, akakariri, nikaandika. Alihesabu mizani kwa kidole gotini, nane kisha nane, na akifika kwenye kina alikaza kidole kidogo. Nilidhani ananionea huruma na kunitafutia shughuli. Sijui kwa nini nilidhani hivyo. Mzee alikuwa anapofuka na mashairi yake yako kichwani.

Mwezi wa pili tukafika kwenye wimbo wangu mkubwa, ule ambao watu walikuwa hawaniachi nishuke jukwaani bila kuuimba. Sikungoja amalize mstari. Niliandika kwa kumbukumbu: nimetoa. Kisha nikamsikia akisema: nimetua.

Nikagonga meza. Akarudia. "Tua. Kina ni -ua, mwanangu. Chukua, tambua, tua."

Neno hilo liko mahali ambapo sauti inapanda juu kuliko pote. Irabu u hubana kinywa, o hufungua, na mimi msichana mwenye haraka niliifungua siku ya mazoezi ya kwanza ili niivute nitakavyo. Nikaivuta miaka kumi na tisa. Wimbo unamsema mtu aliyebeba mapenzi kama mzigo kichwani, hata mwisho akautua chini mwenyewe, kwa hiari yake. Nilipoimba toa, nilimfanya agawe alichokuwa anakiweka chini. Nilivunja kina, na maana nikaipindua.

Nikaandika kwa herufi kubwa, kwa kalamu nene ili aone: MBONA HUKUNIAMBIA?

Akaisogeza karatasi karibu na uso. Akakaa kimya. "Ukifika hapo watu wanainuka kukutunza," akasema. "Nani angesimama katikati ya furaha ile aseme kina kimevunjika? Lakini nilikuwa nasikia. Kila mara."

Nililia siku ile kuliko nilivyoililia sauti.

Maalim alifariki kabla hatujamaliza daftari. Wanaume walimchukua makaburini, nasi wanawake tukabaki nyumbani tukimsomea Yasini, na mimi nilisoma midomo ikicheza bila mlio. Sikuwa nimepata kuhisi ububu wangu hivyo.

Kuanzia hapo nilifanya mazoezi niliyokuwa nikiyapuuza. Kila alfajiri nilitia mrija kwenye glasi ya maji, nikapuliza huku nikivumisha sauti hadi maji yachemke mapovu. Mtaalamu wa tiba ya sauti alinikataza kunong'ona, kwa kuwa kunong'ona nako huchosha koo. Uzi wa kushoto haukuamka. Ila ule wa kulia, kidogo kidogo, ulijifunza kuvuka katikati na kumfuata mwenzake alipolala. Baada ya miezi kumi nilikuwa na sauti: nzito, fupi, yenye mchanga ndani.

Klabu ilipoandaa usiku wa kumkumbuka Maalim, mwaka mmoja tangu afariki, waliniomba niketi mbele kama mgeni. Niliomba wimbo ule. Kiongozi wetu aliona niuache kwa msichana mwenye koo zima, na alikuwa na haki ya kuogopa. Nilimwonesha daftari. Akalisoma neno, akalisoma tena, akafunga. Tukaushusha wimbo chini sana, wapiga fidla wakajifunza upya wapi pa kuweka vidole, na hakuna aliyenung'unika.

Bashrafu ilipokwisha nikasimama. Ubeti wa kwanza hakuinuka mtu. Sikuwa na pumzi ya kuvuta, kwa hiyo nililitamka kila neno na kuliacha, na ukumbi ukawa kimya kiasi cha kusikia rika ikitikisika mkononi mwa mpigaji. Ubeti wa pili sauti ilipasuka katikati ya mstari. Waitikiaji waliingia kabla ya zamu yao, wakanibeba mpaka kibwagizo, na mpiga kanuni akazunguka mara mbili ili nipate pumzi. Mungu awalipe.

Ubeti wa tatu nikafika. Kinywa kikabana, nikasema, nimetua. Fupi, chini.

Upande wa wanawake aliinuka mjane wa Maalim. Hakuja kwa kucheza kama wafanyavyo watunzaji. Alikuja taratibu ameshika buibui lake. Akaniwekea noti kiganjani, akakifunga kiganja kwa mikono yake miwili, akanisogezea mdomo sikioni.

"Leo umelipatia," akasema. "Alikuwa akiniambia kila mkirudi."

Siku mbili zilizofuata sikuweza kusema. Niliutumia muda huo kunakili. Mjane amenipa makaratasi yote, mengine yameliwa na mchwa pembeni, na pale penye tundu nahesabu mizani gotini kujua silabi ngapi zimepotea. Daftari la kwanza limejaa. Juzi nimenunua la pili.