Koroma

Malindi, Jumapili, 17 Machi 2024
Juma la kwanza la Ramadhani. Kila nyumba inataka nazi: ya maharagwe, ya muhogo, ya tambi. Zangu za leo, baadhi zilikuwa makoroma. Nyama yake ni laini, haishiki vizuri kwenye mbuzi, na kifumbu kilichuja maji meupe tu. Nililipa bei ya nazi. Limeniuma, maana mchuzi wa futari hauna cha kuuokoa tui likikosa uzito.

Jumanne, 19 Machi
Bado nawaza koroma. Mnazi hutoa karara karibu kila mwezi, kwa hiyo mti mmoja hubeba vidaka, vitale, madafu, makoroma na nazi kwa wakati mmoja. Tangu ua hadi nazi ni kama miezi 12. Dafu la kunywa huwa tayari kati ya mwezi wa 6 na wa 8. Baada ya hapo maji hupungua utamu, nyama huanza kukaza, na hilo ndilo koroma: udafu umekwisha, unazi haujafika.

Takaungu, Jumamosi, 23 Machi
Nimemkuta mjomba kwenye kifuo, anafua.
“Mjomba, mbona watu wanaangua makoroma?”
“Mkwezi analipwa kwa mti, mwanangu. Akishapanda hataki kurudi mwezi ujao, anaangusha yote. Na mwenye shamba naye ana karo inamngoja.”
“Kwani koroma halina kazi?”
“Linayo. Litafune na muhogo wa kuchemsha, utaona raha yake. Lakini tui halina, mbata yake haikauki ikawa ya maana, na ukilipanda usitarajie mche.”
Akaniwekea nazi na koroma sikioni, akavitikisa. Nazi maji yake yanacheza, kwa kuwa yamepungua ndani. Koroma bado limejaa, halisemi sana.

Malindi, Jumapili, 24 Machi
Simlaumu mwenye shida ya karo. Lakini anayeangua koroma anajipunja mwenyewe: tui, mbata na mbegu vyote vilikuwa njiani. Enyi wenye minazi, mlipeni mkwezi apande tena, na shada la koroma mliache juu miezi miwili mitatu. Na likishafika sokoni, muuzaji aliite koroma, aliuze kwa bei ya koroma.